Randa ya Kuazima

Mdogo wangu mpenzi,

Uniwie radhi kwa kimya changu. Sikukosa wino, nilikosa jibu. Mwanao, fundi seremala wetu, ameniomba chumba cha uani. Bwana Yesu ametuagiza kutoa, lakini hakutuagiza kufumba macho, nami sijasahau kwamba misumeno niliyompa zamani aliiuza.

"Basi usinipe kitu, mjomba," akasema. "Niazime randa tu."

Jana aliirudisha ikiwa imenolewa. Mlango wangu wa jikoni nao ameuranda, haukwaruzi tena sakafu.

"Sasa mjomba, hichi chumba nimekipata?"

"Kwanza sema 'hiki'."

Akacheka, akasema "hiki".

Nitakuandikia nikishaamua. Shuka za chumba hicho nimekwisha kuzifua, ziko kambani.

Kaka yako,
Mwalimu