Kura ya Mdogo Wangu

Piney Fork, Virginia
Mei 1761

Mdogo wangu Lemuel,

Miche ya tumbaku imeshika vizuri na mama hajambo, ila goti bado linamsumbua. Salamu zimeishia hapo.

Juzi pale mahakamani, kwenye uchaguzi wa mjumbe wa baraza la koloni, ambapo kila mtu hutamka kura yake mbele ya wote, nilikuwa na kura tisini na mbili, mpinzani wangu Wormley naye tisini na mbili, na mpigaji wa mwisho ulikuwa wewe. Nikaanza kuinuka kitini nikushukuru, kama desturi yetu wagombea. Msimamizi akauliza, "Bwana Lemuel, unamchagua nani?" Ukasema kwa sauti, "Wormley." Nikabaki nimeinama kama mtu aliyebanwa na kiuno, na walevi niliowanywesha mimi wakapiga kelele, "Kaa chini, Thruston! Hata wa tumbo moja amekukataa!"

Nilipokufuata nje ukanijibu, "Kaka, mrudishe Juba kwanza, ndipo uniite ndugu."

Juba! Ndiyo, nilimuuza ninunue pombe ya wapiga kura, maana huku hachaguliwi mtu mkavu. Najua alikulea baba alipofariki. Najua ndiye aliyekufundisha kupanda farasi. Lakini alikuwa mtumwa wangu kisheria, na shamba hili nimelianzisha mimi porini, sikurithi hata uzio. Dalali amempeleka Carolina, sijui kwa nani, na simtafuti.

Uchaguzi ujao nasimama tena. Pombe itahitajika, na Sukey, mke wa Juba, bado yuko jikoni kwangu. Fikiri vizuri jina utakalotamka.

Kaka yako,
Obadiah Thruston