Kishikio cha Gia Kimepata Mahali Pake

Dada Mwanaidi, shikamoo. Natumaini mguu wako umepoa. Mimi hapa Minneapolis situlii. Nilipanga kuondoka kesho kwa baiskeli kwenda mji wa Duluth, kule kaskazini, lakini wiki nzima nimekuwa nikihamisha kishikio cha kuzungushia gia. Usukani wangu umepinda kama pembe za kondoo, na kila ninapokifunga si penyewe. Nchani mwa usukani, goti lilikigonga. Nikakishusha kwenye fremu. Jana huko Saint Louis Park nikainama kukitafuta, gari likanikosa kwa shubiri moja. Nilikaa kando ya barabara, nikawaza kuiuza baiskeli.

Asubuhi hii nikaipeleka kwa Wanjiru, muuguzi wa Kikenya, jirani yangu, ambaye hujitengenezea baiskeli zake mwenyewe. Hata spana hakugusa. Aliniuliza, “Ukiogopa, mkono wako hukimbilia wapi?”

Nikafumba macho, nikaushika usukani. Mkono ukapanda juu, karibu kabisa na katikati.

“Si basi tukifunge hapo? Halafu wewe u-ride tu, uache kufikiria sana.”

Tukakifunga. Nimepanda kilima cha Saint Paul, mji jirani, nikibadilisha gia bila kutazama chini hata mara moja, nikapiga vigelegele peke yangu. Kurudi nyumbani kulala hadi kesho kumenishinda. Mizigo nilikuwa nimeshaifunga kwenye baiskeli kuijaribu, basi nimeshika njia ya kaskazini leo hii. Nakuandikia nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali.

Wabusu wanao, uniombee barabara kavu.

Mdogo wako akupendaye,
Rehema