Fumba Macho, Useme Nilipokugusa

Mwaka umetimia leo, mwanangu, tangu tuletewe mkoba wako bila wewe. Ndani mlikuwa na kalamu mbili, furushi la pamba na daftari lako la jalada la kijani. Ajali ya barabarani ilikuchukua asubuhi ukienda kazini, chai umeiacha nusu kikombe kama kawaida yako. Kikombe kile nilikiosha baada ya siku tatu.

Ulikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mtaa wenye wagonjwa wa ukoma wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Watu walikuita Bi Pamba. Watoto wakikuona walifumba macho wenyewe, wakakunyooshea mikono. Uliwapitishia pamba kwenye ngozi, ukauliza, "Nimegusa wapi?" Mwenye baka lisilohisi kitu ulimpeleka zahanati wewe mwenyewe, ukimpigisha soga njia nzima asipate nafasi ya kugeuza nia.

Maswali hukuyaanzia kazini. Ulikuwa na miaka sita ulipoifungua cherehani yangu ujue uzi wa chini unatoka wapi. Nilikugombeza, kisha nikakuonyesha, maana swali lilikuwa zuri.

Siku uliyonipima mimi nilikuwa napiga pasi sare za shule. Ulisikia harufu kabla yangu. "Mama, unaungua." Nikatazama, pasi imeegemea mkono wangu. Nikakujibu kwa maringo kwamba mkono wa fundi umezoea moto. Kwa miaka miwili nilikuwa nimejisifu hivyo mbele ya wanafunzi wangu wa ushonaji. Hukucheka. Ulitoa pamba. "Fumba macho, mama."

Nina diploma ya ushonaji ukutani, na nilidhani ganzi ni ustadi.

Nikakuuliza nilimshika nani mkono hata nikaupata ukoma. Ukasema si mambo ya kushikana mikono. Vijidudu hutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, vinampata anayekaa naye karibu kwa muda mrefu, na miaka hupita kabla dalili hazijaonekana. Ukafungua daftari. "Sasa nitajie watu wako. Uliolala nao chumba kimoja, unaokaa nao nyumba moja, unaofanya nao kazi."

"Unataka nijitangaze?"

"Nataka kujua dawa ya kinga niipeleke kwa nani."

Niliwataja. Wote isipokuwa mmoja walipimwa, na wasio na dalili wakapewa ile dozi moja ya kinga. Wewe ulimeza wa kwanza, mbele yao, ukakunja uso makusudi kuwachekesha. Mimi nilikunywa dawa zangu miezi kumi na miwili na nimemaliza.

Daftarini mstari mmoja tu ulibaki wazi: mama yako mkubwa, dada yangu, niliyelala naye kitanda kimoja tangu utoto na ninayeshona naye chumba kimoja mpaka leo. Ulimfuata mara tano. "Pamba yako kasafishie masikio," ndiyo salamu uliyopewa. Pembeni mwa jina lake uliandika: Nitarudi.

Neno hilo nililisoma baada ya mazishi. Nikachukua daftari, nikamwendea dada.

"Na wewe umeanza? Mtu mzima na diploma yake, huoni hata haya."

"Sioni. Kunja mkono wa gauni, ufumbe macho."

Alifumba kwa kisirani. "Haya, anza basi. Au unangoja nisinzie?"

"Dada, nimeshagusa mara tatu."

Macho aliendelea kuyafumba. Kesho yake alitangulia yeye zahanati, mimi nikabaki natafuta kiatu. Walikuta ugonjwa ungali mwanzoni. Vidole vyake ni vizima, amebakiza miezi miwili ya dawa, na bado anatunga sindano haraka kuliko mimi.

Najua ungeuliza nani kati yetu alimwambukiza mwenzake. Tumejaribu. Tumekaa juu ya marobota ya vitambaa tukakumbuka kila chumba tulicholala, kila mpangaji, na yule bibi wa nyumba ya nyuma aliyefunga vidole vyake kwa matambara. Hakuna aliyewahi kumuuliza ana nini. Jibu hatukupata. Dada akasema, "Mtoto huyu katuachia udadisi, na huu hauna dozi."

Wanaokukumbuka, kwa mpangilio wa daftari lako. Wa chumba kimoja: mdogo wako wa kike. Wa nyumba moja: baba yako, kaka yako, na mimi mama yako. Wa kazini: wahudumu wenzako na muuguzi wa zahanati. Na mama yako mkubwa, ambaye mstari wake umejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Wote wamepimwa. Pale ulipoandika Nitarudi, yeye ameandika chini yake: Nimekuja.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Bi Pamba.