Kwanza Chumvi, Halafu Ziwa

Chumba cha nyuma ya karakana,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi, zikukute umevaa soksi. U mzima? Shemeji hajambo? Na wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mama ana nguvu zake. Leo amenigombeza kabla sijanywa chai, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Sasa tuje kwenye safari yetu ya kuvua. Nimesikiliza ule ujumbe wako wa sauti: tuanzie ziwani, kisha tuteremke baharini, yote humuhumu jimboni, twende wanne, mama na dada wasikose. Nilifurahi. Nikausikiliza tena, nikafurahi kidogo. Mara ya tatu nikatafuta mahali pa kukaa.

Ndugu yangu, wewe na mimi tulifundishwa kuvua na mtu mmoja. Marehemu baba alitupeleka kote kuwili kila likizo, na hakuwahi kubadilisha mpangilio: kwanza chumvi, halafu ziwa. Maji matamu ya ziwa yasuuze chumvi kwenye mishipi, kwenye ndoano na kwenye ile mashine ya kuzungushia mshipi, tusirudi nyumbani na kutu. Hata kaptula zetu zilisafishwa hukohuko. Wewe ndiye uliyekuwa ukiimba "kwanza chumvi" garini mpaka baba anatishia kukushusha.

Leo unataka tuanze na ziwa, tumalizie baharini. Mtu anaweza kusahau, sikatai. Lakini uwanja wa ndege nao uko kulekule baharini. Nakukisia vibaya?

Basi niseme lililo moyoni: nashuku unataka kumchukua mama, upande naye ndege mpaka huko kwako.

Ningeweza kujidanganya kama si dada yetu na cherehani yake. Juzi nilimkuta anamshonea mama koti zito, lina bitana, lina kola ya kufunika masikio.

"La nini hili?" nikamuuliza.

"La ziwani, kaka. Asubuhi kuna kibaridi."

Mimi ni fundi wa friji, mdogo wangu. Baridi ndiyo riziki yangu. Hakuna ziwa katika jimbo hili linalotaka koti lile. Ukimvalisha kambale mwenyewe, atatoka jasho.

Kisha mama akapelekwa kwa mpiga picha, akaambiwa akae wima na asicheke. Dada akasema picha ni ya kibali cha kuvua. Nikajikokota na goti langu hadi ofisi ya vibali. Karani akanieleza kwamba vibali ni viwili, cha maji matamu na cha maji chumvi, na kwamba wazee wa umri wa mama hawahitaji hata kimoja, sembuse picha. Akanitazama sana, akaniuliza kama si mimi niliyejinasa sikio kwa ndoano mwaka jana. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu. Utanisamehe.

Aliyenimaliza ni Breki, yule dereva wa gari la kukodi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazitumii. Nilikwenda kumuuliza kama paa la gari litabeba fimbo zetu za kuvulia.

"Litabeba," akasema. "Kwenda wanne, kurudi wawili."

"Hao wawili wengine wataliwa na papa?"

"Mzee, mimi naambiwa viti. Habari za samaki siulizi."

Sisemi huna haki. Ni mama yako pia, na mgeni si wewe. Huko kwako kuna madaktari wazuri na nyumba isiyovuja. Huku ana mimi, na unanijua. Lakini kila asubuhi anakaa mlangoni mwa karakana, anaziita friji za watu "wagonjwa", anazipa pole zikiingia. Zikitoka zimepona anasema ni dua zake. Ndara zake zikinyamaza humu ndani, sijui nitajuaje kwamba kumekucha.

Na kinachoniuma zaidi si kwamba unamtaka. Ni kwamba mmekaa, wewe na dada, mkapanga kumvua kwa chambo kama samaki.

Sikumwambia mama neno. Leo mchana nimemkuta kwenye meza yangu, anapaka mafuta ile mashine ya mshipi ya baba. Amelivaa koti.

"Mwambie mdogo wako limenikaa vizuri," akasema.

"Koti la ziwani?"

"La ndege. Nilipigwa picha nikakatazwa kucheka. Kuna samaki anayeogopa meno yangu?"

Nikaweka bisibisi chini. Nikamuuliza, "Kwa hiyo utaenda?"

Akazungusha mkono wa mashine, akaisikiliza inavyolia, akaongeza tone la mafuta. Kisha akasema nikuandikie maneno haya, nami nayaandika kama yalivyo: "Safari inaanza na chumvi na inaishia ziwani, kama ya baba yenu. Tutarudi nyumbani wote. Akiwa na la kuniomba, ataniomba hapa jikoni, mkishasuuza vyombo, si kwenye foleni ya ndege na ndoano mkononi."

Umesikia. Hakusema ataenda, na hakusema hataki. Koti hakumrudishia dada. Amelitundika nyuma ya mlango wa karakana, mahali ambapo lazima nilione nikiinua kichwa. Nilianza kwa kukushuku wewe, nikamshuku dada, nikamshuku na dereva wa watu. Sasa namshuku mama mwenyewe.

Kwa hiyo nimekwenda kwa Breki nikabadilisha: bahari kwanza, ziwa mwisho, kwenda wanne na kurudi wanne. Njoo. Tuvue, nijinase sikio la pili, mnicheke, turudi. Kisha umwombe kwa mdomo wako, nami nitakuwepo, nimenyamaza. Akikubali, sanduku lake nitalibeba mwenyewe mpaka garini, goti na lilalamike linavyotaka.

Msalimie sana shemeji, naye umuulize kama alilijua hili. Wabusu wanangu. Dada anakusalimu, ingawa siku mbili hizi anapita mlango wa nyuma. Mama anasema usisahau soksi.

Mungu akufikishe salama, na akurudishe ukiwa na ulichopewa, si ulichonyakua.

Ni mimi nikupendaye, huku jicho moja likikuchunga,

Kaka yako, fundi mwenye kovu la sikio