Mguu wa Kushoto wa Wifi

Jumanne, 5 Agosti

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yamekuachia uswali kwa raha. Mimi sijambo, ila vidole gumba vinaniuma. Mwalimu anasema vitazoea.

Umeuliza ninajifunza nini hasa, maana jirani yako, mama fundi cherehani, amekwambia masaji ni mambo ya mahoteli. Mwambie ashone nguo zake. Hapa ni kliniki, watu wanaingia na magongo.

Kuna masaji ya kupoza: unateleza kwa mafuta na viganja vizima, polepole, kuelekea moyoni. Mwenye mawazo anapata usingizi. Kuna ya kina, ya wabeba mizigo na wanaoinama kutwa. Unazama kwa kiwiko taratibu mpaka fundo la msuli lilegee. Mwanzo wanaguna, mwisho wanashukuru. Ya nyayo ni ya kubonyeza kwa kidole gumba, na mtu aliyesimama siku nzima anaona kama amebadilishiwa miguu. Ya mawe ya moto ni ya mgongo uliokakamaa. Ya kwenye kiti mtu havui hata koti, ni shingo na mabega tu, anarudi kazini mwepesi. Halafu kuna moja laini kama unampapasa paka, ya kusukuma maji yanayovimbisha mwili. Nilidhani mwalimu anatania, mpaka nikaona mkono wa mama mmoja unapungua.

Mama, naipenda kazi hii. Niombee.

Mwanao, kitinda mimba

*

Jumatano, 13 Agosti

Kitinda mimba wangu,

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Vidole gumba vyako vimenisikitisha, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu ndiyo kwa miwani.

Sasa usicheke. Nimeanza! Pale nyumba ya wageni dobi mwenzangu alikuwa na shingo haigeuki, nikamkalisha kwenye kiti nikamfanyia kama ulivyoandika. Akasema, "Mama, mikono hii ulikuwa umeificha wapi?" Nikamwambia, kwenye sabuni. Keshoye nani kaja kubisha hodi? Fundi cherehani, yule yule wa mambo ya mahoteli. Anataka ya kina, mgongo mzima! Aliguna mpaka nikaona haya, majirani wasije wakafikiria vingine.

Shangazi yako bado yuko kwangu. Plasta ya kifundo cha mguu kilichovunjika wameitoa baada ya wiki sita, lakini kigimbi cha mguu huo huo wa kushoto kimevimba na kinamuuma hata akiutua tu chini. Unamjua wifi yangu. "Umewakanda majirani mpaka wanang'aa, mimi dada wa marehemu mumeo nibaki na mguu kama gogo?" Nimemwahidi Jumamosi nikitoka kazini. Nitaanza na ile ya paka, nisukume hayo maji, kisha nizamishe ile ya kina kuondoa maumivu.

Simu yangu bado iko kwa fundi simu, kioo hakijapatikana. Barua hii naipeleka ofisi ya mabasi. Usiache kuswali.

Mama yako

*

Jumamosi, 16 Agosti, saa tisa alasiri
Ujumbe kwa simu ya fundi cherehani

Mama fundi shikamoo. Tafadhali kimbia kwa mama sasa hivi. Mwambie ASIUGUSE mguu wa shangazi. Asiukande hata kidogo. Ampeleke hospitali leo leo. Ni mimi mwanawe.

Jibu, saa kumi kasoro

Marahaba mwanangu. Nimekuta mlango umefungwa. Muuza mboga anasema shangazi ametolewa amebebwa wakamtia kwenye teksi mama yako analia. Chaji inakata. Mungu yupo.

*

Jumapili, 17 Agosti

Mama,

Shikamoo. Simu ya mama fundi haipatikani tangu jana. Nitaituma hii kwa basi la kwanza, maana siwezi kukaa bure.

Barua yako niliipata jana nikitoka zamu, nikaisomea pale pale mlangoni. Mama, mguu mmoja kuvimba na kuuma baada ya plasta huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukikandwa, lile bonge linaweza kung'oka likaenda mpaka kwenye mapafu. Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza, kabla hawajaniruhusu kushika chupa ya mafuta. Nami sikukuandikia! Nilitaka uione kazi yangu ilivyo nzuri, nikajaza faida tupu ukurasa mzima.

Kama kuna lililotokea, kosa ni langu, si la mikono yako. Usimwambie mtu kwamba ulimkanda. Hapana, mama. Mwambie daktari kila kitu.

Sijui niombe dua gani, maana sijui limeshatokea nini.

Mwanao

*

Jumatano, 20 Agosti

Mwanangu,

Kabla ya salamu: shangazi yako ni mzima, na ule mguu sikuukanda.

Haya, sasa salamu. Marahaba, mara mia. Nimekuta barua yako leo nilipopita nyumbani, na hii naiandika hapa hospitali, kando ya kitanda chake. Pole, mama. Pole sana.

Jumamosi nilimlaza, nikapasha mafuta, nikaanza na mguu wa kulia, ule mzima. Sababu yake ni ya aibu kidogo: niliogopa kelele zake, nikasema nianze pasipouma anizoee. Nikateleza polepole kama ulivyoandika, kama saa nzima, akalala akakoroma. Alikuwa siku nne hajapata usingizi. Sikutaka kumwamsha, nikakaa nimeushika tu mguu huku nikileta dhikri zangu.

Alipozinduka nikahamia wa kushoto. Nilipoweka kiganja, nikakitoa. Mikono yangu ilikuwa imeshinda na mguu mmoja, ikajua huu hali yake nyingine kabisa. Ulikuwa wa moto, mgumu, ngozi imevutika inang'aa. Nikasema, "Wifi, huu sikandi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Lakini sikandi. Twende hospitali."

"Ahaa! Mgongo wa fundi cherehani ulikuwa mwepesi, mguu wa wifi yako ndio mzito!"

Akagoma kutembea. Tukambeba mimi na dereva wa teksi. Mama fundi kaniambia mlivyoandikiana; kulia nililia kweli, maana njia nzima alinisema mbele ya yule dereva tangu siku niliyoolewa mpaka leo.

Daktari ni binti wa umri wako. Akaupima mguu kwa mashine, akasema damu imeganda, ndivyo hivyo ulivyoandika wewe. Halafu akauliza, "Kuna mtu ameukanda?" Shangazi yako akajibu kwa hasira, "Si amekataa!" Daktari akaweka kalamu chini. "Basi huyo aliyekataa mshukuru kila siku."

Mwanangu, wifi yangu akanyamaza. Miaka ishirini na saba sijawahi kuona.

Anapata dawa ya kuzuia damu isigande zaidi, na kigimbi kimeanza kupungua. Ijumaa wanamruhusu, inshallah. Mimi usiku ule nilisujudu nikachelewa kuinuka, na safari hii si kwa ajili ya magoti.

Wewe acha kujipiga. Kosa ulifanya, sitakudanganya, na mimi nililifanya pamoja nawe, maana nilisoma mara tatu bila kuuliza ni nani asiyekandwa. Sasa niandikie hiyo, kwa herufi kubwa: nani asiguswe, wapi, na kwa nini. Dobi mwenzangu ana mimba changa na anataka zamu yake Jumatatu. Nimemwambia asubiri barua.

Leo ulale, mwanangu. Huku tumelala.

Mama yako

Shangazi yako amening'ang'ania kalamu, anataka kuandika mwenyewe:

Mtoto wa kaka hujambo. Nipo. Mama yako kanikanda mguu mzima, ule mbovu kaninyima. Nilimsema sana. Usimwambie mtu, lakini nimeshamwomba radhi mbele ya daktari, na chakula cha hospitali hakina chumvi.
Shangazi