Filimbi Yako, Baba, Ilitoka Sheria Gani?

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kutoka Makongeni, baada ya ibada, na swali ambalo ningekuuliza ukiwa hai. Chifu wa hapa anataka niwe mzee wa mtaa, wa kupatanisha watu na kuwatoa majumbani anapoamuru. Jibu analitaka kesho. Majirani wananitania, "Mzee gani huyu anafunga leso?"

Aliponiambia, nilikukumbuka wewe na filimbi yako. Ulikuwa liguru wa kijiji chetu, yaani mzee wa kijiji chini ya chifu, na ukipuliza asubuhi watu walitoka na majembe kwenda kulima barabara ya Mzungu. Unakumbuka ile siku Mama alikuwa na wiki moja tu tangu ajifungue? Ulimwamsha. Nyanya akakukemea, "Wewe mwanamume, huna huruma?" Ukamjibu, "Mama, nikimwacha wangu kitandani, nitamtoa wa nani?" Mama alirudi jioni akishikilia ukuta. Sikukusamehe upesi, Mungu anajua.

Basi nikamwendea dada mmoja wa kwaya, ambaye ni karani kwa wakili, anisomee sheria ya machifu. Kumbe ile ya mkoloni bado ipo, imebadilishwa hapa na pale tu! Chifu anaamuru, na anayekaidi anashtakiwa. Nikamwambia, "Sasa soma pa liguru." Akapekua, akarudi mwanzo.

"Mama, hapa yuko chifu na naibu wake. Liguru hayumo."

"Hata zamani?"

"Zamani Mzungu aliandika mkuu wa kijiji, lakini huyo ndiye aliyekuja kuitwa chifu. Wale wa chini yake chifu aliwatuma kwa mdomo tu."

Niambie, Baba. Ulijua? Ulipomtoa Mama uliogopa kushtakiwa, au uliogopa macho ya majirani? Na kama ungekataa, wangekufunga kwa kifungu gani? Sikuhukumu. Nataka tu kujua, maana leo ni zamu yangu.

Kesho nitamwambia chifu hivi: wanaogombana kwenye mfereji nitaendelea kuwapatanisha, sihitaji kuteuliwa kwa hilo. Lakini kumtoa mtu nyumbani kwake kwa amri ambayo haijaandikwa popote, siwezi. Akikasirika, akasirike. Nimeshapiga magoti.

Pumzika kwa Bwana, Baba. Nikifika huko nitakuuliza, hata kabla hatujaamkuana.

Binti yako wa pili