Kinga ya Kudumu Hadi Mei

Pihlajatie 9,
Kajaani,
Ufini.
21 Januari 2024

Mpendwa Shangazi Irmeli,

Kabla ya neno lingine lolote, niambie habari za mguu wako. Tulipozungumza mara ya mwisho ulisema uvimbe umepungua lakini daktari bado anakukataza kupanda ndege. Mtii, tafadhali, hata kama nyumba nzima inajua kwamba watu wa ukoo wetu hawatii daktari. Je, joto la huko Queensland linakuacha ulale? Huku kipimajoto cha dirishani kimeonyesha nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri asubuhi ya leo. Mimi na dada yangu Outi tu wazima wa mwili. Yaliyobaki yatapona kwa wakati wake.

Pokea shukrani zetu kwa maua. Shada lako lilifika siku moja kabla ya mazishi ya Baba, likiwa bichi. Kwa kuwa hukuwapo, mimi ndiye niliyeliweka mbele ya jeneza na kusoma kadi yako kwa sauti, kama ilivyo desturi yetu. Kadi yangu mwenyewe nilikuwa nimeisoma bila kutetereka. Nilipofika kwenye yako, pale ulipoandika, “Reijo, mdogo wangu, umenitangulia bila ruhusa,” sauti ilinikatikia. Outi alikuja akasimama kando yangu, akaimalizia.

Sasa naomba nisahihishe jambo nililokuambia. Novemba nilipokupigia simu nilisema kwamba Baba amefariki ghafla. Nilisema hivyo kwa ule uhakika ninaotumia kusemea kila kitu, nawe unanijua. Alianguka jikoni siku ya Jumatatu, hospitalini wakatuambia ni saratani ya kongosho, na Jumatano akafa bila kurudiwa na fahamu. Tuliamini kwamba hata yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Juma lililopita, nilipokuwa nikipanga karatasi zake, nilikuta barua ya daktari. Ni ya tarehe 4 Septemba, na haina neno la kubahatisha: ugonjwa umetajwa, na muda umetajwa kwa miezi. Baba alikaa nao majuma kumi na moja, akatupikia supu ya samaki kila Jumapili, akanyamaza. Ninachotaka kujua kutoka kwako ni kimoja tu, Shangazi. Je, wewe alikwambia? Nanyi mlikuwa mkizungumza kwa simu kila mwezi. Kama alikwambia, alisema pia kwa nini hakuniambia mimi?

Swali hili lina sababu, na sababu yenyewe imejificha mahali utakapopaona pa ajabu, yaani katika ugomvi wetu wa nta.

Unalikumbuka gari lake jeusi, ile Saab ya mwaka 1989. Kila Septemba, kabla watu wa barabara hawajaanza kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, aliliosha, akalikausha, kisha akalipaka nta ya mtende wa Brazili kwa viganja vitupu. Hakutaka kitambaa wala sponji. Alisema joto la kiganja huiyeyusha nta kwa kiasi chake, na kwamba kiganja huhisi chembe ya mchanga kabla haijakwaruza rangi. Ilipofika Januari chumvi ilikuwa imekwisha kuila nta yote, naye akalipeleka gari kwenye gereji yenye moto ya jirani yetu, Mzee Kyösti, dereva wa basi aliyestaafu, akalipaka upya. Tangu nikiwa na miaka saba kazi yangu ilikuwa milango, kwa sababu paa sikulifikia.

Kisha nikaenda Oulu kusoma kemia. Nilirudi na shahada, na nilirudi na hoja. Kwa misimu mitatu mfululizo nilimweleza Baba kwamba nta haishikani na rangi bali huilalia tu, na kwamba kuna kinga zinazotengenezwa maabara ambazo hushikamana na rangi na kustahimili chumvi, matope na sabuni kali kipindi chote cha baridi. Nilimsomea makala. Nilimwekea jedwali mezani.

“Hili jedwali lako limewahi kuendesha gari mpaka Kuusamo mwezi wa pili?” aliniuliza.

“Baba, huo si ushahidi.”

“Ushahidi ni hilo gari, bwana mdogo. Miaka thelathini na nne. Nitafutie kutu.”

Na Mzee Kyösti, ambaye hajawahi kuacha mazungumzo ya watu yapite ua wake salama, aliingilia: “Mwache mtoto, Reijo! Serikali imemsomesha miaka mitano ili aje atufundishe kuosha magari!”

Nilikuwa sahihi, Shangazi. Hilo sitalitengua hata leo. Mabaharia wa kale walipaka merikebu zao nta kwa sababu hawakuwa na kitu bora, wala hakuna mtu anayewaheshimu kwa kukataa kilicho bora baada ya kukiona. Niliyasema hayo yote, tena zaidi ya mara moja.

Basi ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Septemba. Sasa najua kwamba zilikuwa zimepita siku kumi na mbili tangu ile barua. Gari lilikuwa limeoshwa na limekauka uani, jua lipo, na kopo la nta limefunguliwa. Nilikuwa nimekuja na chupa yangu kama ilivyokuwa kila mwaka, nikitarajia kurudi nayo. Baba alisimama akiitazama boneti, akauliza bila kunitazama:

“Nta hii itakaa mpaka lini?”

“Unajua mwenyewe. Januari.”

“Na hiyo yako?”

“Tukiipaka vizuri, mpaka Mei.”

“Bila mtu kuigusa tena?”

“Bila mtu kuigusa. Kuoshwa tu.”

Akafunika kopo. “Haya, tupake yako.”

Mzee Kyösti aliacha reki yake ikaanguka. “Reijo! Unaumwa?”

“Nimezeeka tu,” Baba akamjibu. “Acha kijana ashinde mara moja, asije akatuhamia Helsinki kwa hasira.”

Mzee Kyösti alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa na kazi ya kushinda. Nilihutubia. Nilieleza kwa nini lazima tuondoe kwanza masalia ya nta kwa spiriti, maana kinga haishiki juu ya mafuta. Kwa nini lazima hewa iwe juu ya nyuzi kumi. Kwa nini ipakwe kipande kidogo kidogo, kwa wembamba, na ifutwe kabla haijaganda. Baba alinifuata kila hatua bila ubishi hata mmoja. Niliuhesabu ukimya wake kuwa ni kukubali kwamba nimemshinda.

Dawa ile haitaki ngozi ya mtu, kwa hiyo nilimpa glavu. Hakuwahi kuvaa glavu mbele ya gari lile maisha yake yote. Zilikuwa za kipimo chake, nilizinunua nikikijua kipimo chake, lakini zilimpwaya, ikabidi azikunje mara mbili kwenye vifundo vya mikono ili zisichomoke. Niliona, Shangazi. Macho yangu hayana kasoro. Niliona, nikasema kwamba watengenezaji siku hizi hawazingatii vipimo, na nikaanza kueleza kwa nini.

Kinga ikishapakwa haitakiwi kuguswa na tone la maji kwa saa kumi na mbili. Tuliliingiza gari bandani, tukawasha sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Yeye ambaye daima hukaa benchi la juu kabisa, penye joto kali, alikaa la chini. Akamwagia mawe kata moja ya maji, akangoja mvuke utulie, akasema, “Santeri, kuna jambo moja nilitaka…”

Nikamwambia, “Ngoja, Baba, nimalizie kwanza hili la molekuli.”

Nikalimalizia. Lilichukua kata mbili za maji, labda tatu. Nilipotosheka nikamgeukia: “Eh, ulikuwa unasema nini?”

“Nilikuwa nasema mvuke umepungua,” akasema, akaninyooshea kata.

Hayo ndiyo yote. Nimeyageuza kwa kila upande, kwa kuwa ndiyo elimu yangu, kugeuza jambo mpaka lisalimu amri. Upande mmoja naweza kudai kwamba kweli alitaka kusema habari ya mvuke; mtu haanzi kusema habari ya mvuke kwa maneno “kuna jambo moja”, lakini naweza kudai. Upande mwingine naweza kudai kwamba alikwisha kuamua kutuficha, na hata ningekuwa bubu asingeniambia. Madai yote mawili nayajenga vizuri sana, na hakuna hata moja linalonipa usingizi.

Nilichokielewa bila kubahatisha ni hiki. Hakukubali hoja yangu. Alipiga hesabu ya mwezi wa Januari, akajiona hayumo, akachagua kitu ambacho hakitahitaji mikono yake. Miaka mitatu nilitaka akubali, na siku aliyokubali ilikuwa kwa sababu ambayo haimo katika jedwali langu lolote.

Jana ilikuwa siku yake ya kupaka nta ya pili. Sikuikumbuka mimi. Aliyeikumbuka ni Mzee Kyösti, aliyekuja mlangoni amevaa kofia yake ya manyoya, akasema tu, “Gereji ina moto. Lilete.” Nikalipeleka. Chumvi ilikuwa imeganda mpaka madirishani, nyeupe tupu, hata weusi wa gari hauonekani. Tulilimwagia maji ya uvuguvugu, chumvi ikaporomoka yote, na juu ya boneti maji yakajikusanya matone madogo ya mviringo, yakateleza chini kama siku ya kwanza.

Mzee Kyösti aliinama, akatazama kwa muda mrefu. “Limeshika,” akasema. “Umeshinda, profesa.”

Nilimwuliza kama Baba alimwambia kitu. Akavua kofia. “Mimi nilimwuliza mbele yako kama anaumwa. Akatania, nikacheka. Mimi nilicheka, wewe ulihutubia. Alitufahamu wote wawili vizuri sana yule.”

Tatizo, Shangazi, lilikuwa kwamba hapakuwa na kazi ya kufanya. Kila Januari gereji ile ilikuwa na saa mbili za kusugua, Baba kwenye paa, mimi kwenye milango, na harufu ya nta inayopata moto. Mimi ndiye niliyeziondoa saa hizo mbili kwa ujuzi wangu. Tukavuta vigoda, Mzee Kyösti akamimina kahawa, tukakaa mbele ya gari safi lisilohitaji chochote.

“Leo husemi?” akaniuliza.

“Leo sina.”

“Mh. Hata mimi.”

Tukakaa hivyo hivyo mpaka muda wa nta ukapita, nikalirudisha gari nyumbani.

Outi anasema nisikuandikie haya, kwamba wewe ni mgonjwa na kwamba swali langu litakuumiza mara mbili: kama ulijua, litakufanya mshitakiwa, kama hukujua, litakuambia kwamba nawe ulifichwa. Ni hoja nzuri, na ni mara ya kwanza naikubali hoja ya Outi kisha natenda kinyume chake. Sikushitaki, Shangazi. Kama alikuambia na akakuapisha kunyamaza, ulifanya sawa. Na kama alikuambia kwamba alijaribu kunieleza akashindwa kupata nafasi, usinifiche hilo kwa huruma. Ningependa kulijua likiwa na ncha yake yote kuliko kuendelea kulibuni mwenyewe.

Andika kwa urefu unaoutaka, na polepole kadiri ya mkono wako. Andika hata mambo ya utoto wake, kama yanakuja. Ninakuahidi kwamba barua yako nitaisoma mpaka neno la mwisho kabla sijafungua mdomo kujibu lolote.

Outi anakusalimu sana, pamoja na mumewe Jarkko na mtoto wao Siiri, aliyeota meno mawili. Mzee Kyösti anasema bado anakudai mchezo mmoja wa karata tangu mwaka 1971. Nisalimie binamu yangu Raili na wanawe, na mwambie picha za farasi zilifika. Mungu auponye mguu wako, aipoze nyumba yako wakati wa joto, na akuache kwetu kwa miaka mingi, maana wewe ndiye uliyebaki unayemjua Baba kabla hajawa baba.

Ni mimi mwana wa mdogo wako, nikupendaye,

Santeri Moilanen